Philipo Hakuitunga

"Ulimtaja Philipo! Kwa nini ulimtaja Philipo?"

"Punguza sauti, Gasto. Mama yuko uani."

"Shikamoo nimeshampa, sasa na asikie!"

Mwaka mzima tunapendana mimi na Yasinta, mtaa mzima wa Utemini unajua. Sijawahi kumfokea hivyo.

Ilikuwa hivi. Kinu cha alizeti kimeuzwa, wazee wetu wamepunguzwa kazi, baba yangu akiwemo. Juzi mgeni rasmi kaja kukifungua upya, wakatuita vijana tumchezee, mimi, Yasinta, rafiki yangu Philipo na wenzetu. Nikatunga shoo. Tunacheza roboti, kila mtu mashine, halafu tunazimika mmoja mmoja mpaka wote tuko chini. Mgeni kacheka, kapiga makofi. "Rudieni!" Hakuelewa kitu! Tukarudia, wamama uwanjani wanafuta machozi. Ndo akamwita Yasinta, akamuuliza shoo inaitwaje.

"Ukajibu 'Baba Kapunguzwa'. Kwenye maikrofoni!"

"Si ndo jina lake? Ulitaka niseme 'Karibu Mgeni'?"

"Na alipouliza nani katunga?"

Akachungulia uani.

"Yasinta, nakuuliza."

"Polisi wangekubeba wewe! Nyumbani kwenu nani ataleta unga? Philipo hana baba, hana mama. Hana mtu."

"Ana mimi."

"Nilikuokoa, Gasto!"

"Leo siku ya tatu yuko ndani. Asubuhi nimempelekea uji, jicho limevimba hivi. Ananiambia, 'Tulia kaka, nimeshawaambia nimetunga mimi.' Tena anacheka! Eti wanamuuliza zile hatua kafundishwa na chama gani. Naenda kumtoa."

Yasinta akanishika shati.

"Jumapili wazee wenu wanaleta barua ya posa. Baba ataipokeaje, bwana harusi yuko mahabusu?"

"Asiipokee."

"Unasema kirahisi hivyo?"

"Sio kirahisi."

Na kweli haikuwa. Nilitaka nikae, aniwekee chai, tuongee habari za Jumapili.

"Nenda kesho basi. Pengine watamwachia wenyewe."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Nakupenda, we mjinga!"

"Najua. Ungefanya haya kwa kunichukia, leo ningekuwa nimeshakusahau."

Nikamtoa mikono kwenye shati, kidole kimoja kimoja. Alikuwa analia bila sauti.

"Nikamwambie nini baba?"

"Mwambie mtunzi kaenda kituoni kujitaja."

"Gasto!"

Nikatoka, nikafunga mlango.