Amplifaya Isiyozimwa

Nilifika Kinondoni saa kumi na mbili na dakika tano jioni, nikiwa na mita ya kupimia umeme, daftari na bisibisi mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama Nurbanu, mjane wa fundi redio aliyeitwa Shamsuddin, alikuwa na amplifaya ya muundo wa Kiingereza wa miaka ya sabini, na mie nilitaka kuinakili kwa ajili ya kwaya ya mdogo wangu. Ya dukani hatukuimudu. Nilikuwa nimesomea umeme chuo kikuu miaka minne. Kunakili kifaa cha watu hakukunitisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Vua viatu. Na usiongee kwa nguvu, Samina amepumzika."

Samina alikuwa binti yake. Alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, mwanamke wa miaka arobaini hivi, macho wazi, mdomo umefungwa. Nilimsalimia. Hakujibu. Nikamsalimia tena. Nikadhani ni bubu, nikaona aibu.

Amplifaya ilikuwa mezani, karibu na bega lake. Taa nyekundu iliwaka, lakini hakukuwa na muziki. Hakukuwa hata na redio iliyounganishwa. Chini ya meza niliona betri nne za gari na inveta ya kugeuza umeme wake.

"Fungua mfuniko, chora, pima," alisema mama Nurbanu. "Ila usizime."

"Mama, ina umeme ndani. Ni hatari."

"Basi kuwa mwangalifu. Usizime."

Nilichora kwa saa nzima, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama tulivyofundishwa, ili umeme usipite kifuani. Kila kipande nilikijua isipokuwa kimoja: kifurushi cha kitambaa cheusi, ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa waya wa shaba kando ya transfoma. Waya ule ulikwenda hadi pale nyaya zote za ardhini zinapokutana. Nilikichora pia. Pembeni nikaweka alama ya kuuliza.

Kilinuka nywele zilizoungua.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi jioni, nakala yangu ilikuwa mezani kwetu Ukonga, imekamilika. Kitufe cha sauti, kitufe cha balansi kinachogawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, kila kitu mahali pake. Niliwasha.

Mmmmmmm...

"Dada Atu, hilo dude linanguruma kama bajaji inayopanda kilima!" Mdogo wangu Asifiwe alikuwa ameketi sakafuni anafumua nywele zake. Ana miaka kumi na tisa, anaimba sauti ya kwanza. "Digrii yote hiyo!"

"Nyamaza wewe, fumua nywele."

"Mie nanyamaza. Ila mwalimu Wilfred wa kwaya kasema kesho isipokuwepo, solo yangu naimba kavukavu."

Nilibadilisha kapasita kubwa, ile inayotunza chaji. Nikageuza transfoma. Nikatenganisha nyaya za sauti na za umeme. Mvumo ukabaki palepale, hata haukupungua. Nililinganisha na daftari kipande kwa kipande. Kilichobaki ni alama ya kuuliza.

Nikampigia mama Nurbanu.

"Mama, kile kifurushi cheusi kina nini ndani?"

Nilisikia akifunga mlango. 

"Nywele."

"Za nani?"

"Za mtu wa nyumbani."

Akakata.

Nilicheka, lakini si sana. Mama yetu, kule Tukuyu, alitufundisha kwamba nywele zikifumuliwa haziachwi sakafuni. Unaokota zote, unazitupa chooni, mtu asije akazichukua. Nimekuwa nikiokota nywele za Asifiwe tangu ana miaka mitano. Jioni ile niliziokota vilevile.

Ila sikwenda chooni.

Nilijiambia kwamba fundi makini hujaribu kitu kimoja kwa wakati, na hiki kilikuwa kimebaki kimoja tu. Nilizima, nikazifunga kwenye kipande cha kanga nyeusi, nikazungushia waya wa shaba, nikakaza nati pale nyaya za ardhini zinapokutana. Nikawasha.

Kimya.

Kimya safi, ambacho sijawahi kukisikia kwenye kifaa chochote. Halafu, ndani ya kile kimya...

Hhh... hhh...

Spika ya kushoto ilikuwa inapumua.

Hakukuwa na maikrofoni. Niliangalia mara mbili.

"Dada, imepona!"

Asifiwe alikuwa nyuma yangu. Sauti ilitoka mbele. Niligeuka. Midomo yake ilicheza, na maneno yakanijia mgongoni, kutoka kwenye spika.

"Dada? Mbona sauti yangu iko kule?"

Nilibonyeza swichi kuzima.

Asifiwe akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye msumari. Kifua hakikusogea. Nikiogopa huwa nahesabu. Nilifika kumi na moja ndipo kidole changu kikarudi kwenye swichi. Taa nyekundu. Hhh... Kifua kikainuka.

Mama Nurbanu alipokea simu kabla haijaita.

"Umezima?"

"Sekunde kumi na moja."

"Usirudie. Shamsuddin alizima dakika moja, abadilishe kapasita. Ndiyo maana Samina yuko vile."

"Na nikizitoa nywele?"

"Mwanangu mkubwa, Abid, tulizitoa zake." Alivuta pumzi. "Tulimzika siku ileile."

"Kwa nini mlifanya hivi?"

"Kama ulivyofanya wewe. Shamsuddin aliinakili kutoka ya mtu mwingine. Akakikuta kifurushi, akaona na yeye aweke, nywele za watoto wetu. Huyo mtu sikumjua."

"Ulijua, mama. Ulijua, ukaniacha nichore!"

"Yangu imechoka, binti," alinong'ona. "Nilitaka pawepo na nyingine. Mpya."

Sikuelewa wakati ule mpya ni kwa ajili ya nani.

Kesho yake kwaya iliimba bila Asifiwe. Nilinunua betri na inveta kabla umeme haujakatika. Mdogo wangu anakaa kando ya meza sasa, anakula kidogo, anaongea kupitia spika ya kushoto. Ile ya kulia haikutoa chochote. Nimepiga hesabu ya maisha ya kapasita kwa joto la Dar. Ni miaka michache. Siwezi kuzibadilisha bila kuzima.

Alhamisi iliyopita, adhana ya magharibi ikiwa bado inaendelea, mama Nurbanu alipiga.

"Yangu imeungua. Imetoa moshi, basi."

"Samina?"

"Nimemfumba macho." Hakulia. "Binti, nisaidie. Sogea kwenye spika yako ya kulia. Unasikia nini?"

Nilisogeza sikio.

Hhh...

Mama Nurbanu aliisikia kwenye simu. Alisema maneno ya Kikachi, lugha ya kwao, na ndani yake jina la Samina, laini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nilikata. Nikachomoa waya wa spika ya kulia, na midomo ya Asifiwe ikageuka rangi. Nikaurudisha.

Tangu siku ile kitufe cha balansi kinatembea. Nimekichorea mstari wa penseli. Kila nikiangalia kimesogea kulia kidogo, milimita moja, mbili, na kadiri kinavyosogea ndivyo Asifiwe anavyofifia. Nikikirudisha, spika ya kulia inalia polepole. Nilikipaka gundi. Gundi ilipasuka. Sasa nakishika kwa mkono, nabadilisha mkono wa kulia na wa kushoto, na joto la transfoma linapanda maana sasa inabeba watu wawili.

Jana jioni Asifiwe aliniambia, kwa sauti ambayo nililazimika kuinama kuisikia, "Dada Atu, lala kidogo. Mie sitakwenda popote."

Nililaza kichwa mezani. Kidogo tu, nilijiambia.

Nilipoinuka taa za nje zilikuwa zimewashwa na kitufe kilikuwa kimefika mwisho, kulia kabisa. Nilikizungusha. Hakikukubali. Nilitumia koleo, kikavunjika mkononi.

Asifiwe alikuwa ameketi palepale, anapumua, ananitazama. Macho wazi. Mdomo umefungwa.

"Asifiwe."

Nilimshika bega.

"Asifiwe, mdogo wangu."

Spika ya kulia ikaitika, kwa sauti ya mwanamke mzima.

"Abee."