Picha za Katikati

Siku televisheni mpya ilipowashwa kwa mara ya kwanza, Kitumbo alinyamaza. Huyu alikuwa mtoto ambaye majirani walimjua kwa kilio kabla ya kumjua kwa sura, mtoto aliyelia akivalishwa na kulia akivuliwa. Siku hiyo alisimama mbele ya kioo, vidole mdomoni, akatulia kama maji ya mtungini. Filamu ilipokwisha na baba yake akaizima, Kitumbo aliinua mkono wake mdogo akapunga taratibu, kama anayeagana na mgeni mlangoni. Kisha akasubiri kidogo, akacheka, kama vile na yeye amepungiwa.

Mama Kitumbo aliliona hilo akiwa na pini mdomoni. Lilimshtua kidogo. Lakini tangu ajifungue masikio yake hayakuwahi kuonja utulivu wa namna ile, naye hakutaka kuuliza umetoka wapi.

Televisheni yenyewe waliichagua kwa mabishano. Baba Kitumbo, fundi wa friji, na mdogo wake walikuwa wagonjwa wa gemu za mpira, na televisheni ya zamani iliwatesa. Mpira ukipigwa kwa nguvu uliburuta mkia, na mchezaji akikimbia miguu yake iligeuka ukungu. Mama Kitumbo yeye alikuwa mtu wa filamu. Alitaka giza liwe giza, lisiwe jivu.

Dukani, muuzaji mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Profesa aliwawekea televisheni mbili ubavu kwa ubavu, zote zikionyesha mechi moja. Akawaeleza kwamba ya kushoto hubadilisha picha mara sitini kwa sekunde, na ya kulia mara mia na ishirini, na hizo ndizo hezi zinazoandikwa kwenye boksi. Shemeji alitazama mpira ukiruka bila mkia, akamwambia kaka yake kwamba wakirudi nyumbani na ile ya kushoto, basi undugu wao mwisho hapo.

"Na filamu je?" Mama Kitumbo aliuliza kwa sauti ndogo.

Profesa alifurahi kuulizwa. Alisema filamu hupigwa picha ishirini na nne tu kwa sekunde, kwa hiyo hii ya kulia ina njia mbili. Ya kwanza, kila picha inarudiwa mara tano, wala hakuna kinachoongezwa. Ya pili, televisheni inajaza picha nne zake kati ya kila picha mbili za kweli, na mwendo unakuwa laini. Akabonyeza rimoti. Mwanamke wa kwenye filamu, aliyekuwa akivuka ukumbi, akaanza kuteleza kama mtu halisi anayeonekana kupitia dirishani.

"Hizo za katikati alizipiga nani?"

"Hakuna aliyezipiga, dada. Hazikuwahi kuwepo. Inazibuni yenyewe."

Shemeji akasema huo ni uongo mtamu. Kwenye gemu unachelewesha vidole, ukibonyeza mchezaji anakawia kutii, na kwenye filamu unaharibu ladha, afadhali uzimwe kabisa. Mama Kitumbo, ambaye kwa kawaida alipitisha la wenzake, siku hiyo alishikilia lake. Aliipenda ile hali ya dirisha. Wakakubaliana kwamba kwenye gemu itazimwa, na yeye akitazama filamu itawashwa. Mumewe akatania kwamba tangu ndoa hajawahi kubishiwa na mkewe, na alipoanza, ameanzia kwenye televisheni.

Kazi yake Mama Kitumbo ilikuwa kushona sare za shule. Cherehani ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Kazi ilipozidi alimwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa sababu mtoto akiwa kifuani mikono haishoni. Alijiambia kwamba wengi hufanya hivyo. Lakini kifua chake hakikujua kwamba ameamua. Kililowesha nguo kila Kitumbo alipolia, na kila kilipolowesha, alihisi kama amenyooshewa kidole.

Mchana mmoja alifunga mapazia ili jua lisipige kioo, akamkalisha Kitumbo kwenye mkeka, akawasha filamu. Halafu akaigusa televisheni ukingoni, kama anavyoguswa jirani begani.

"Haya, mwenzangu," akasema kwa utani. "Nakuachia huyu. Nilelee, nimalize kola."

Kiti cha plastiki kilichokuwa pembeni ya televisheni kikalia kidogo, kwa ule mlio kinaoutoa mtu mzima anapokaa.

Alishona mchana kutwa bila kukatizwa. Kesho yake akayasema tena maneno yale, na siku zilizofuata pia, mpaka yakawa kama hodi: haya, mwenzangu, nilelee.

Kitumbo akaanza kukataa uji. Akilishwa anafumba mdomo na kutazama pembeni, kwa adabu, kama mgeni aliyekula alikotoka. Mama yake alidhani atakonda, lakini tumbo lililompa jina likabaki gumu na la mviringo. Na pumzi yake ikanuka maziwa. Hayakuwa ya ng'ombe wala ya kopo. Mama Kitumbo aliijua harufu ya maziwa ya kifua, na ya kwake yalikuwa yamekauka ghafla, yote kwa mchana mmoja, kama bomba lililofungwa. Alipohesabu moyoni, mchana wenyewe ulikuwa ule wa utani.

Halafu, akipangusa vumbi, akaona kwenye kioo alama ya mdomo mdogo wa mviringo, kimo cha Kitumbo. Akafuta kwa kitambaa kikavu, akafuta kwa kilicholowa, akakwangua kwa ukucha. Haikutoka. Alama ilikuwa upande wa ndani.

Mchana uliofuata hakushona. Alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni akachungulia, na filamu ikatembea, na mwanamke wa kwenye filamu akavuka chumba akiwa ameshika taa, na mle katika ule mwendo laini, kati ya hatua moja na nyingine, akaonekana wa pili, ambaye hakuwa ndani ya chumba kile bali huku mbele, karibu kabisa na kioo, amepiga magoti na bado ni mrefu, nywele zimemfunika uso, kifua wazi, na Kitumbo ameegemea kioo kwa mdomo wake, na koo lake dogo linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama la mtoto anayemeza.

Akainyakua rimoti akasimamisha picha. Akaona chumba, taa na mwanamke wa filamu, basi. Akaachia, yule akaonekana. Akasimamisha, hayupo. Ndipo maneno ya Profesa yalipomrudia. Ukisimamisha, akawaza, unaonyeshwa picha za kweli peke yake. Yule aliishi katika zile ambazo hazikupigwa na mtu.

Aliizima. Akamkumbatia mtoto mpaka mumewe aliporudi, wala hakumwambia kitu, kwa kuwa angeulizwa mwanzo wake ulikuwa nini. Na lililokuja kumla moyo baadaye ni hili: asubuhi iliyofuata mwalimu mkuu alituma ujumbe kwamba mashati yanahitajika kesho, Kitumbo alikuwa amelia tangu alfajiri bila kupumzika, na ilipofika adhuhuri Mama Kitumbo aliiwasha tena, kwa mkono wake mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani.

Siku hiyo hata hilo halikusaidia. Sindano ilivunjikia ndani ya kitambaa. Akiwa anaitoa, Kitumbo aliuvuta mkebe wa mafuta ya cherehani, ukamwagikia rundo la mashati meupe yaliyokwisha kupigwa pasi.

Laiti angepiga kelele. Kelele husahaulika. Yeye neno lake alilisema polepole, kwa moyo wake wote, akiitazama televisheni.

"Mchukue, basi. Mchukue kabisa. Mimi simtaki."

Sauti ya filamu ikakatika, ingawa midomo iliendelea kutembea. Gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe kinyumenyume, likasimama. Na Kitumbo, aliyekuwa bado hajatamka neno la maana tangu azaliwe, akakigeukia kioo akasema kwa sauti safi, "Mama."

Baba Kitumbo aliporudi jioni alikuta waya umechomolewa ukutani, mkewe amekaa sakafuni, na mtoto amesimama mbele ya kioo kisicho na umeme, anameza. Alipomwinua, Kitumbo alipiga ukelele mpaka midomo ikawa ya bluu. Alipomrudisha, akatulia. Wakaifunika televisheni kwa shuka. Baada ya muda shuka likalowa mahali pawili, duara na duara, kama linavyolowa vazi la mwanamke anayenyonyesha. Baba Kitumbo akagusa kwa kidole, akanusa, akakaa chini. Alivaa viatu, akaenda kumtafuta mwanamke mmoja mtoa majini, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa mtu.

Shangazi alikuja na mkoba na miwani, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa rimoti. Mama Kitumbo akasimulia alichokiona, na Shemeji akamweleza habari ya picha za kweli na picha za kubuniwa, kwa heshima, kama mwanafunzi mbele ya mtahini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama ile alama ya mdomo.

"Kwa hiyo humu mna vyumba visivyo na mwenyewe," akasema. "Nyumba tupu haikosi mpangaji. Lakini mpangaji haibi mtoto. Mtoto hukabidhiwa. Nani alimkabidhi?"

Mama Kitumbo aliangalia vidole vyake vilivyojaa matundu ya sindano. Akasimulia habari ya kola, na ya nilelee, na jinsi utani ulivyogeuka mazoea. Alitegemea kugombezwa. Mumewe alimshika mkono tu.

"Utani huo, mke wangu," alimwambia. "Nani asingeusema?"

Huruma ile ilimchoma kuliko kofi. Shangazi hakuwa na huruma wala hasira. Alieleza kwamba jini hushika ahadi kuliko binadamu. Alichopewa kwa mdomo hakirudishi mpaka mdomo uleule ukidai, neno kwa neno, mbele ya wenye mtoto. Neno likibakizwa, ni sawa na kumfukuza mtu ukamwachia ufunguo.

"Ni hilo tu ulilosema?" akauliza.

Mkono wa mumewe ulikuwa wa joto juu ya wake. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa ili asimwaibishe. Lile neno jingine lilimsimama kooni kama mwiba wa samaki, akajiona akilitoa, akauona na ule mkono ukiondoka taratibu juu ya wake, na usirudi tena.

"Ni hilo tu," akasema.

Shangazi alifukiza, akasoma kwa sauti ya chini, akaagiza filamu iwashwe itembee. Akamkabidhi mama mtoto, naye akakikabili kioo, Kitumbo akijipinda na kupiga mateke mikononi mwake. "Nilikuachia unilelee," Mama Kitumbo akasema. "Sasa nimerudi. Nipe mwanangu." Harufu ya maziwa ikajaa chumba mpaka wakaziba pua, kiti cha plastiki kikalia kama kinavyolia mtu anapoinuka, pazia likapulizwa kuelekea nje ilhali dirisha limefungwa, na Kitumbo akatapika maziwa meupe, ya baridi kama yaliyotoka kwenye friji, mengi kuliko tumbo lile lingeweza kubeba. Ile alama ikafifia, ikapotea. Shemeji akabonyeza haraka, akazifuta picha za katikati. Filamu ikarudia mrukoruko wake wa kawaida.

Halafu Kitumbo akalia. Kilikuwa kilio chake kilekile cha zamani, cha kuchana masikio. Jirani akagonga ukuta kama alivyokuwa akigonga siku zote, na wote wakaangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Jioni alikula uji, akaongezwa.

Mama Kitumbo alimsindikiza Shangazi hadi mlangoni. Yule mwanamke aliushika mkono wake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kwaheri.

"Nimerudisha nililoambiwa," alisema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku zikapita njema. Mashati yakashonwa upya, yakapelekwa, na mwalimu mkuu akasamehe kuchelewa. Mama Kitumbo hakutazama tena filamu. Alipunguza kazi, akawa anashona mtoto akiwa miguuni pake, anachezea vipande vya kitambaa, na kila Kitumbo alipomwangushia bobini ya cherehani au kuvuta uzi alimbusu badala ya kumkemea, akambusu mara nyingi mno, kama mtu anayelipa. Televisheni ilibaki ya gemu tu. Mara kadhaa alimngojea mumewe avue viatu ili amwambie. Kila mara alikuta amechoka, au amefurahi, na vyote viwili vilikuwa sababu.

Jioni moja ndugu wawili walikuwa wamemaliza mechi, wameizima televisheni. Baba Kitumbo alikuwa kwenye mkeka anacheza na mwanawe mchezo wao.

"Pua iko wapi?" Kitumbo akagusa pua.

"Sikio liko wapi?" Akavuta sikio.

Mama Kitumbo akatoka jikoni na sahani mbili za chakula, moja kila mkono.

"Na mama yuko wapi?"

Kitumbo alimpitia mama yake kwa macho bila kusimama, akanyoosha kidole kwenye kioo cheusi.

Shemeji akacheka, akasema mtoto ana akili, anaonyesha kivuli cha mama yake. Na kweli, wote walionekana mle. Baba alikuwa kwenye mkeka, mdogo wake kwenye kochi, mtoto katikati, na nyuma yao mwanamke amesimama palepale aliposimama Mama Kitumbo, kwa kimo chake na kwa kitambaa chake cha kichwani. Ila Mama Kitumbo alikuwa ameshika sahani mbili, na mwanamke wa kwenye kioo hakushika kitu. Mikono yake ilikuwa mitupu, ameinyoosha mbele na kuifungua, kama mama anavyomwita mtoto anayejifunza kutembea.

Lile neno aliloficha likapanda kutoka kooni likafika kwenye ulimi. Mumewe aliinua uso akimtabasamia, akamuuliza kuna nini.

"Hakuna," akasema Mama Kitumbo. "Kaeni mle, chakula kinapoa."

Kitumbo alikuwa ameshasimama. Alijiweka sawa, akacheka, akaanza kupiga hatua kuelekea kwenye kioo.