Manyoya Mekundu Ndani ya Donge la Bundi

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Oratile tulifagia ukumbi wa shule yetu pale Kang, nchini Botswana. Juu, kwenye dari iliyopasuka, aliishi bundi mwenye uso mweupe na makinda yake matatu. Chini tulikuta madonge ya kijivu aliyoyatapika, yamejaa mifupa ya panya.

Mma Moseki, mwalimu wetu wa sayansi, alitupa kazi ya wiki tatu: kulinganisha ndege wawili, kisha kuwaonyesha wazazi tulichojifunza. Oratile akapewa bundi. Mimi nikapewa chiriku mwenye kichwa chekundu, kadege kasikojaa hata kiganja. Jamani, niliumia!

Oratile alipopasua donge, darasa zima lilimzunguka. "Oneni fuvu! Oneni meno!" Mimi na mbegu zangu za majani, nani alinitazama? Thuso, jirani yangu wa dawati, alinitania: "Kelebonye, chiriku wako leo amepiga chafya?" Nilimwonea Oratile wivu.

Siku moja kabla ya maonyesho niliokota chiriku aliyekufa kando ya uzio. Nikanyofoa manyoya mekundu ya kichwani, nikayasokomeza ndani ya donge ambalo Oratile alikuwa ameliweka kwa ajili ya maonyesho. Nilitaka tu bundi wake achukiwe.

Kesho yake wazazi walikuja. Oratile akapasua donge, manyoya yakachomoza. Rra Dithapelo, mwenyekiti wa wazazi, ambaye siku zote alimwita bundi ndege wa wachawi, akaruka juu.

"Si nilisema? Sasa anakula mpaka ndege wa watoto! Leteni ngazi. Kiota kinashuka leo hii."

"Rra, tafadhali, makinda hayajui kuruka!" Oratile akaangua kilio.

Ngazi ikaletwa. Rra Dithapelo akakanyaga kipandio cha kwanza, kisha cha pili.

"Shuka, Rra! Manyoya hayo niliyatia mimi!"

Mma Moseki akayashika manyoya. "Ni kweli. Kinachotoka tumboni mwa bundi hugandamana. Haya makavu, yanang'aa." Rra Dithapelo akashuka akinung'unika, na ngazi ikarudishwa stoo.

Kisha mwalimu akafungua daftari langu. "Chiriku wako analala wapi?"

"Sijui, Mma."

"Anakunywa maji wapi?"

"Sijui." Kurasa zote niliandika habari za bundi.

"Wiki tatu, mwanangu, ulikuwa na ndege wako, ukamkodolea macho wa mwenzako. Wivu umekufanya mwongo, na kazi yako hukuifanya. Mwombe mwenzako radhi, kisha uanze upya."

Nikamwomba Oratile radhi huku nimeinamisha kichwa. Alifuta machozi kwanza.

"Chiriku wanalala kwenye viota vilivyoachwa na kwera, wale ndege wafumaji," alisema mwishowe, "kwenye mgunga nyuma ya jiko. Mimi huwatazama kila siku. Nilitamani sana nipewe wao."