Walichokinyamazia Watawa

Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Mwanapili ukaanguka kwenye sakafu, na haukulia. Akauokota, akauangusha tena makusudi. Kimya. Akaendelea kukoroga mchuzi wake, maana alikuwa amekwisha kuchoka kushangaa.

Jumba hilo la Diani, alilolitunza na mumewe tangu mwaka wa hamsini na mbili, zamani lilikuwa la watawa wa Kizungu wa shirika la Sistersiani, watu wa kanzu nyeupe waliokatazwa kusema, ambao hata chumvi waliombana kwa ishara za vidole. Walikwenda zao, jumba likauzwa, ukimya ukabaki. Na Chirau, mtoto aliyezaliwa humo, alikuwa amefikia umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani bila kutamka neno. Mwanapili alikuwa amelia mpaka moyo ukafa ganzi. Alibakiwa na haja moja tu, aitwe mama.

Alasiri ile akaja Mwero, mganga wa Bodo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto ana jini. Tutampandisha, ataje jina lake na anachotaka, tumpe, aende zake."

Mzee Menza, aliyekuwa mpishi wa watawa, akamvuta Mwanapili kando.

"Usikubali, mwanangu," akanong'ona. "Wale watawa walimkuta jini humu ndani, hana sauti, anatafuta mdomo wa kusemea. Wakanyamaza miaka yote ile ili asiupate. Huyu mtoto anamwona. Ndiyo maana kafunga mdomo."

"Mzee Menza, nitakufa sijaitwa."

Mzee akainamisha kichwa, akatoka.

Mwero akatia ubani chetezoni, akaanza kupiga ngoma, na ngoma haikulia, mikono yake ikipanda na kushuka bure juu ya ngozi, na harufu ya mishumaa iliyozimwa ikaja kutoka kwenye vyumba vitupu ikaufunika ubani, na Chirau akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akitikisa kichwa, akimtazama mamaye tu, mpaka Mwero akaubandua mkono mmoja, wa pili akashindwa nao, na Mwanapili akapiga magoti akamsaidia kuubandua.

"Mama," mdomo ukasema.

Sauti ilikuwa nzuri, ya mtoto hasa. Papo hapo ngoma ikasikika, na bahari, na kunguru juu ya paa.

"Nani wewe?" Mwero akauliza. "Taja jina lako!"

"Chirau."

Mganga akarudi nyuma. "Jini hutaja lake," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu kataja la mtoto. Sina jina la kumtolea." Akakusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga.

Mwanapili akamtazama mwanawe. Mdomo ulikuwa unacheka. Macho yalikuwa yanamwaga machozi, yakimsihi. Alielewa vizuri sana ni nani aliyekuwa akilia, na ni nani aliyekuwa akiita.

"Mama."

"Labeka, mwanangu," akaitika.