Mkaguzi na Pete Isiyopata Moto

Kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu miwili ya mbele juu ya benchi.

Ilikuwa asubuhi. Pasi za duka la udobi la shangazi zilikuwa zinaanza kupata moto. Paka wetu aliweka miguu ya mbele juu ya benchi, akatazama juu kwenye meza ya kupigia pasi. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akaishusha, mmoja baada ya mwingine, akaenda zake chini ya kabati kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Hakuwa na shughuli kwingine. Kwa miaka kumi na mitatu shughuli yake ilikuwa moja tu. Alipanda benchi, akatoka benchi akapanda meza, akatoka meza akapanda rafu ya nguo zilizokunjwa. Huko juu alipita akinusa nguo moja moja. Ndiyo maana shangazi alimwita Mkaguzi. Wateja walipokuja kuchukua nguo zao walikuwa wakiuliza, "Mkaguzi amepitisha?" Shangazi akajibu, "Amepitisha, chukua."

Niliona, lakini sikusema. Mimi si msemaji. Shangazi huniita Kimya. Jirani yetu, fundi viatu, huniuliza kila asubuhi kama nimeshatumia maneno yangu matatu ya leo.

Wiki hiyo hiyo shangazi alitoa kwenye kikapu kifupi cha sakafuni gauni jeupe la muuguzi, nguo aliyoipiga pasi jana yake. Alilinusa. Akalinusa tena.

"Kimya, njoo. Hii ni harufu gani?"

Nilinusa. Ilikuwa ya mkojo.

"Paka amekojolea nguo za watu!" shangazi alipiga kelele. "Gauni la kuingilia wodini! Nitamwambia nini yule mama?"

Fundi viatu alichungulia mlangoni, nyundo mkononi.

"Umemuudhi nini, dada?"

"Nimuudhi nini? Anakula, analala, kazi hana!"

"Basi ni wivu. Umenunua mashine ya kufulia. Anaona amepunguzwa kazini."

Tulicheka. Lakini kesho yake alikojolea kikapu kizima cha mashuka. Sanduku lake la mchanga la kujisaidia lilikuwa palepale pembeni, safi, halina kitu. Siku ya tatu nilimshika kiunoni nimwondoe kikapuni, akaniuma. Hakuwa amewahi kuniuma tangu nikiwa mtoto. Nilibaki nikitazama mkono wangu, sielewi. Anakula vizuri. Hana kidonda. Hatapiki. Sasa ana nini?

Shangazi hakutaka tena kuuliza ana nini.

"Ijumaa dereva wa ghala la nafaka anakuja kuchukua ovaroli zake," alisema. "Nitampa huyu paka. Huko ghalani kuna panya wa kutosha, na akojoe anapopenda. Mimi wateja wakinikimbia, tutakula nini?"

Niliwaza: ghalani paka hawapewi chakula, wanakula walichokamata. Huyu benchi tu linamshinda. Atamkamata vipi panya?

Niliwaza hayo yote. Sikusema hata moja.

Jumanne moyo wa shangazi ulilainika kidogo. Alimtazama Mkaguzi akitoka chini ya kabati, miguu ya nyuma imekakamaa.

"Anatembea kama mimi nikiamka," alisema. "Ameingiwa na baridi huyu. Chukua kidonge changu kimoja cha maumivu. Ukitoka kupeleka yale makoti, kigawe nusu, msagie kwenye maziwa."

Nilitia kidonge mfukoni. Makoti yalikuwa ya kliniki ya wanyama, mtaa wa pili. Tunawafulia kila wiki. Daktari wao ni mama mmoja mrefu, mikono ya shati lake imekunjwa siku zote.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Weka hapo mezani. Kuna kingine?"

"Hapana," nilisema. Nikafika mlangoni. Nikarudi. Nikafungua kiganja. "Eti paka anaweza kupewa hiki?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Umeshampa?"

"Bado."

"Afadhali! Binti, nisikilize. Vidonge vya maumivu vya watu ni sumu kwa paka. Hata nusu kidonge inaweza kumuua. Mwili wake hauwezi kukisaga kama wetu. Sasa niambie, ana nini?"

Nilimwambia habari ya benchi. Nikamwambia habari ya gauni, mashuka na jinsi alivyoniuma. Siku ile nilisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Daktari akasema, "Nenda kamlete."

Nilimleta kwenye kikapu. Daktari alimpapasa polepole, shingo, mgongo, magoti. Alipofika kwenye nyonga Mkaguzi alifoka. Alimpima pia damu na mkojo, maana alisema paka mzee akikojoa ovyo huenda figo au kibofu kina shida. Vyote vilikuwa salama.

"Ni viungo," alisema. "Ana baridi yabisi. Paka hasemi kama anaumwa. Anaficha. Anaacha kuruka, halafu watu wanasema amekuwa mvivu au jeuri. Kuna dawa za maumivu za paka, lakini huyu tuanze bila dawa."

Alitoa kabatini pete kubwa kama sahani, nyepesi, imefunikwa kwa kitambaa. Katikati ya ukingo wake palikuwa na kitufe.

"Hii nakuazima. Maelezo yamo kwenye karatasi hii. Mwambie shangazi yako anipe wiki tatu. Siku tatu hazitoshi."

Nilitaka kumwambia kwamba tuna siku tatu tu. Mbwa mkubwa akaingizwa ndani, daktari akageuka, nami nikaondoka.

Nyumbani shangazi alisikia neno moja tu.

"Baridi yabisi? Si nilisema! Nilisema ameingiwa na baridi!" Alichukua pete, akaishika huku na huku, akaiweka shavuni. "Mbona ya baridi? Hailii, haitoi mvuke, haipati moto. Miaka thelathini nashika pasi. Kifaa kisichopata moto kimekufa."

"Labda inapata moto polepole," alisema fundi viatu.

"Baridi yabisi, halafu umwekee kitu cha baridi? Baridi juu ya baridi? Kimya, soma hiyo karatasi. Wewe ndiye uliyekaa darasani."

Niliacha shule darasa la tano. Herufi nazijua. Maneno mafupi nayasoma. Lakini yale yalikuwa marefu, yamebanana, na kila nililolimaliza lilinisahaulisha la nyuma yake. Shangazi alisubiri. Fundi alisubiri. Masikio yaliniwaka.

"Imeandikwa," nilisema, "iwekwe mahali pa joto."

Haikuandikwa hivyo. Au labda iliandikwa. Sikujua.

Shangazi alifurahi sana. Alipiga pasi blanketi mpaka likawa moto, akalikunja, akaichomeka pete ndani yake, akamweka Mkaguzi juu. Mkaguzi aliruka kwa kilio, akatua vibaya, akaenda akichechemea. Jioni alimweka tena. Na asubuhi. Kufika Alhamisi paka alikuwa amejificha nyuma ya mashine ya kufulia, na hakuna aliyeweza kumtoa.

"Unaona?" alisema shangazi. "Hata cha daktari hakitaki. Huyu amenichoka."

Mimi nilikuwa sielewi kitu. Pete ni mbovu? Paka ameharibika? Au ni mimi? Mara mbili neno lilinifika kwenye meno, likarudi.

Ijumaa dereva wa ghala alifika mapema. Gunia lilikuwa tayari, mdomo wazi, karibu na mlango. Shangazi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine akibembeleza, "Njoo, baba, njoo," na sauti yake haikuwa ya mtu anayefukuza. Wakati huo huo daktari akaingia kuchukua makoti yaliyobaki.

"Hodi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Mgonjwa wako anahama," alisema shangazi akijifuta uso. "Pete yako imekufa, daktari."

Daktari aliona blanketi mezani. Alilishika, akaondoa mkono haraka.

"Nani kawaambia mtumie moto huu?"

"Karatasi yako."

"Karatasi yangu haisemi hivyo."

Alinitazama. Niliangalia sakafu.

"Lakini si ni baridi?" shangazi alibisha. "Jina lenyewe linasema!"

"Jina ni jina tu, mama. Huyu paka anaitwa Mkaguzi. Nani alimpa cheti?"

Dereva alicheka mpaka akaegemea mlango. Shangazi alijizuia, akashindwa.

Daktari alimgeukia fundi viatu, aliyekuwa ameshaingia bila kualikwa. Akamwomba kiatu chochote kilicholika. Fundi alileta kimoja chenye soli nyembamba kama karatasi.

"Kati ya mfupa na mfupa pana kitu laini, kama soli," alisema daktari. "Uzeeni kinalika. Mifupa inagusana, kiungo kinavimba na kuuma. Baridi haikuingia popote. Hali ya hewa ya baridi inaweza kumkakamaza zaidi, ndiyo. Kitanda kikavu chenye vuguvugu ni kizuri. Lakini moto wa pasi unaunguza. Kitu usichoweza kukilaza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako kwa muda mrefu, usimwekee paka."

"Na hii pete?"

Daktari alibonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikaanza kuwaka na kuzimika.

"Hapo inafanya kazi. Ndani mna umeme kidogo unaotoa mawimbi ya sumaku. Huyaoni, huyasikii, hayachomi. Simu yako inapopokea sauti bila waya, unaona kitu kikipita?"

"Sioni," alikubali shangazi.

"Sasa nisiwadanganye. Pete hii haiponyi. Soli iliyolika hairudi. Paka wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Na sokoni kuna vifaa vingi vya kubahatisha, kwa hiyo mtu asinunue kabla ya kuonana na daktari wa wanyama. Mpeni dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni, akiwa ametulia. Mkiona hakuna nafuu, tutajaribu mwanga maalumu kule kliniki, au dawa. Ndiyo maana niliomba wiki tatu."

"Wiki tatu?" Shangazi alinigeukia. "Uliambiwa wiki tatu?"

Dereva alikuwa ameshika gunia. Nyuma ya mashine palitokea sauti ndogo, kama bawaba kavu.

"Niliambiwa," nilisema. "Wiki tatu, shangazi. Na ghalani hawezi kukamata hata panya mmoja. Benchi limemshinda tangu wiki iliyopita, mimi niliona. Sanduku lake la mchanga lina ukingo mrefu, hawezi kuuvuka, ndiyo maana anakwenda kikapuni. Hatukomoi. Huko atakufa njaa."

Mashine ya kufulia ikamaliza kuzunguka.

"Ametumia maneno ya mpaka mwakani," alisema fundi viatu.

Shangazi alimnyang'anya dereva gunia, akalikunja vizuri kama analikabidhi kwa mteja. "Nenda na ovaroli zako," alimwambia. "Wiki tatu."

Siku ile ile fundi alichukua beseni la zamani, akalikata ukingo mbele kwa kisu chake cha ngozi, akashonea ngozi laini pale alipokata. Likawa sanduku jipya la mchanga, la kuingia bila kuruka. Mimi nilipanga kreti za sabuni ziwe ngazi, moja, mbili, mpaka kwenye benchi na kutoka benchi mpaka mezani. Sakafuni tulitandika mkeka wa mpira, asiteleze. Daktari alisema amenenepa na uzito unambana nyonga, basi shangazi akaacha kumpa vipande vya nyama wakati wa kula. Hilo lilimuuma shangazi zaidi ya paka.

Pete nilimwekea mwenyewe. Nilimlaza kwenye taulo kavu, nikaizungusha nyongani, nikabonyeza, nikangoja taa ya kijani. Siku za kwanza alinitazama kwa mashaka. Baadaye alilala.

Wiki ya kwanza alikojoa kikapuni mara moja. Wiki ya pili, hata mara moja hakukojoa. Sikujua ni beseni, ni pete, ni uzito, au ni vyote. Daktari alisema hata yeye hawezi kutenganisha, na haina shida, mradi anaendelea vizuri.

Wiki ya tatu muuguzi alikuja kuchukua gauni lake. Alisimama mlangoni, hana imani; habari za mkojo zilikuwa zimemfikia.

"Mkaguzi amepitisha?"

Shangazi alimwonyesha ngazi kwa kidevu. Mkaguzi alikuwa kwenye kreti ya kwanza. Akapanda ya pili. Akapumzika. Benchi. Akapumzika tena, akajilamba kana kwamba hakuna anayemngoja. Kisha meza. Alinusa gauni jeupe, kola, mfuko, pindo. Akaketi juu yake.

"Amepitisha," alisema shangazi, na akageuka upesi kutafuta kibanio ambacho hakikuwa kimepotea.

Alasiri daktari alikuja. Alimpapasa nyonga, na safari hii paka hakufoka. "Endeleeni," alisema. "Bado ni mzee. Siku nyingine atachechemea. Msikate tamaa." Akatoa karatasi mpya, ya mazoezi ya kunyoosha miguu, akaiweka mezani.

Shangazi aliisukuma kwangu bila kuacha kupiga pasi. "Soma, Kimya."

Niliichukua. Maneno yalikuwa marefu vilevile. Masikio yakaanza kuniwaka vilevile.

"Shangazi, ile ya kwanza sikuisoma. Ilinishinda. Yale ya joto niliyatunga."

Pasi ilisimama hewani. Mvuke ukapanda kati yetu. Nilingoja anigombeze.

"Na mimi," alisema polepole, "unadhani kwa nini nilikupa wewe usome?"

Tulitazamana. Mkaguzi alikuwa amelala juu ya kola ya mtu.

Nilimgeukia daktari, nikamnyooshea karatasi kwa mikono miwili.

"Hatujui kusoma hii, daktari. Tusomee. Polepole, nami nifuate kwa kidole."