Nguo Kutoka Chisenga

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo nilipoteremuka bandarini kutafuta magunia. Magunia matupu ya chisense, wale samaki wadogo, yananuka hata ukiyafua namna gani. Joëlle alikuwa anafungia humo vitu vyake vya kuuza, na mukono wangu ndio unajua kufunga.

Joëlle ni jirani yangu; mimi ananiita kambo, ni kusema nyanya. Tulikimbia vita pamoja toka Pweto, upande wa Kongo, tukajenga kwenye kiwanja kimoja hapa Nchelenge, kando ya ziwa. Yeye nyumba ya mbele, mimi ya nyuma. Kwa hiyo hakuna habari yake inayonipita, hata akifunga dirisha. Anaishi kwa mitraye, ni kusema vyuma vizee: motere zilizobomolewa, redio zilizokufa, pasi za makaa. Anavisugua na muchanga na mafuta, anapiga foto, anatupa kwenye WhatsApp. Na watu wanataka! Mununga, Chienge, hata Lusaka. Shida ni transporti. Basi inaangalia ukubwa, boti inaangalia uzito na sura yako. Mara nyingi chuma kinakula faida yake njiani, hakijafika hata nusu. Joëlle akajifunza akili: anatoa gurudumu la mashini ili muzigo uwe mwepesi, anachanganya na mizigo ya wamama wa samaki, anangoja boti inayorudi tupu.

Zile hesabu ndizo zilikuwa zinamuzuia kulia. Mutoto wake wa pekee, Bénie, alikufa na homa akiwa na miaka miwili. Mimi nilimuosha. Tulimufunga katika kitenge cha njano chenye mbayuwayu, na kipande kilichobaki tukakiweka chini ya kichwa chake. Hakukubaki hata uzi.

Bon. Jioni ile bandarini kulikuwa na kilio. Guylain, mwenye boti, alikuwa anapakia maiti ya mwanamuke wa kisiwa cha Chisenga. Rosaria, ndilo jina lake. Na boti ya maiti hailipishi muzigo, kila mutu wa ziwa hili anajua. Sufuria, unga, mikeka, vyote vinapanda bure, sababu ni vya kilio.

Nikamuona Joëlle anakuja na kichwa cha mashini ya kushona juu ya bega. Mama Eneless wa Chisenga aliitaka, lakini transporti ilimushinda.

«Joëlle, usiweke.»

«Kambo, mufu hatakula chuma.»

«Boti ya mufu haiko basi ya Lusaka, mutoto.»

«Na wewe? Ulipanda boti za wafu mara ngapi kwenda kula bukari ya kilio?»

Ilikuwa kweli. Akaisukuma mashini katikati ya sufuria, akarudi nyumbani. Hakupanda.

Kesho yake Guylain akarudi, akatukuta tunachambua mboga. Hakukaa.

«Wazee walishusha vitu,» akasema. «Unajua desturi. Wanainua kimoja kimoja, wanauliza: cha nani? Mwenyewe anaitika, anachukua. Kisicho na mutu ni cha marehemu, hakiguswi tena.»

«Na Mama Eneless?» Joëlle akauliza.

«Alikuwa anapika nyuma ya nyumba. Hakusikia.»

«Iko wapi mashini yangu?»

«Juu ya kaburi.»

«Si ungeichukua!»

«Nenda wewe, kama una miguu miwili ya kupoteza.» Akatazama chini. «Tena... yule Rosaria alikuwa mushonaji.»

Joëlle akacheka kwa uchungu, akasema mashini imepata mwenyewe anayeijua. Mimi sikucheka. Na unajua mimi nacheka hata kanisani.

Siku zikapita. Jioni moja telefone yake ikalia. Namba bila foto. Mimi kusoma ni kwa kubahatisha, yeye akanisomea, sauti chini:

«Mashini inashona muzuri. Muzigo wako unakuja na boti. Transporti imelipwa.»

Tuliteremuka bandarini, na boti ya Guylain ikafika giza likiingia. Hakukuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta ndani ya sahani. Lakini kifurushi alichokishusha kilikuwa kinatiririka maji.

«Nani alikupa?» nikauliza.

«Hakuna,» Guylain akanong'ona. «Nimekikuta botini, pale... pale tulipomulaza yule mama.»

Nikanusa. Mafuta ya mashini. Na udongo mubichi.

Joëlle akafungua.

Kanguo ka mutoto. Ka njano.

Mbayuwayu.

«Kitenge hiki kinauzwa kila soko,» Guylain akasema haraka, akarudi kwenye boti yake bila kuaga. Pengine alisema kweli. Tulimupigia Mama Eneless, akaapa kwa Mungu hakutuma kitu. Akasema mashini haiko tena kaburini. Pengine wezi. Pengine.

Nikaishika ile nguo mbele ya taa. «Ni kubwa, mutoto wangu. Bénie hakuwa mukubwa hivi.»

Joëlle aliikumbatia, maji yakamulowanisha kifua.

«Amekua, kambo.»

Nilihesabu kimoyomoyo miaka tangu tulipomuzika. Kama Bénie angekuwa hai, ile nguo ingemukaa sawa kabisa.

Alilala nayo. Jioni iliyofuata telefone ikalia tena.

«Mutoto anauliza mama yake. Tuma kipimo chako.»

Nikamunyang'anya telefone. «Huyu ni mwizi au ni muchawi. Wote wawili hawajibiwi.»

«Na kama ni Bénie?»

«Kama ni Bénie, anamujua mama yake bila kupima!»

Nikaficha telefone ndani ya nguo yangu ya kifua, mahali hakuna mutu anatafuta tena. Lakini mwanamuke muzee anasinzia. Nilipoamuka kwenye mukeka, telefone haikuwepo. Joëlle alikuwa amesimama mulangoni, utepe wa kupimia ungali umemuzunguka kiuno, uso wake unawaka kwa mwanga wa telefone.

«Nimetuma,» akasema.

Nguo ya pili ilikuja vilevile, imelowa, njano, vifungo mugongoni toka kiuno hadi shingo. Nikaiinua. Ilikuwa nyembamba kama ya mutu aliyetengenezwa na matete! Ha, nilicheka! Nikacheza katikati ya kiwanja, nikizungusha hiki kiuno kizee. «Tazama! Wafu hawajui kupima! Hii hata mukono wako hauingii!»

Joëlle hakucheka. Alikuwa ananisomea ujumbe mupya kwenye telefone:

«Kipimo ni sawa. Ngoja.»

Sasa sikia.

Napika bukari, ugali mukubwa kama kichwa cha ng'ombe. Napika samaki na karanga. Joëlle anakula. Anamaliza yote, analamba vidole, anasema asante kambo. Na anakonda. Hospitali hawakuona ugonjwa. Pastor aliomba mupaka sauti ikakauka. Joëlle akasema amina, akarudi nyumbani, akavaa ile nguo.

«Kambo, nifungie.»

Mara ya kwanza kifungo kimoja tu kilifika, cha chini. Juma lililofuata kikafunga cha pili. Mifupa ya mugongo wake inanigonga vidole ninapofunga.

Nilitaka kuichoma. Nilikuwa nimeshawasha makaa. Joëlle akanishika mukono, hana nguvu hata ya kuku, akasema: «Ukichoma, atafikiri mama yake amemukataa.»

Ungefanya nini wewe? Nikazima.

Basi nikatafuta ujanja, paske ujanja ndio mali yangu. Akienda kuoga, nachukua nguo, naipindua, naibana mbavuni na sindano yangu ya mukono na uzi mweusi. Vidole viwili kila upande. Isimukae! Isimukae kamwe! Jioni ya kwanza kifungo kilikataa, nikamushukuru Mungu kwa sauti mupaka majirani wakauliza nimezaa nini.

Asubuhi uzi wangu mweusi ulikuwa juu ya mukeka. Umefumuliwa wote. Umepangwa, kipande kando ya kipande, kwa heshima, kama vile mushonaji mukubwa anavyorekebisha kazi ya mwanafunzi. Na mbavuni mwa nguo, mushono mupya. Mushono wa mashini.

Nilibana tena. Ukafumuliwa tena.

Leo jioni vifungo vyote vimefunga, isipokuwa cha shingoni. Joëlle akageuka, akanitazama, akatabasamu. Tabasamu ambalo sikuliona tangu tulipomuzika mutoto. Ni hilo linaniua. Angelia ningejua la kufanya.

«Kesho, kambo,» akasema.

Sasa amelala. Nguo iko magotini mwangu, mbichi, baridi. Macho yangu hayaoni tundu la sindano, napapasa tu, naibana tena. Upande wa ziwa, nyuma ya matete, kuna sauti.

Tik-tik-tik-tik...

Nikichoma sindano, inanyamaza. Nikipumzika, inaanza.

Basi sipumziki.