Hakumuuliza Ni Mtoto wa Nani

Jambo la kwanza halikustahili hata kutajwa. Tairi la nyuma la baiskeli ya milimani ya Muzammil, iliyoegemezwa ukutani katika gereji ya nyumba yao hapo Stafford, kusini-magharibi mwa Houston, lilikuwa limebonyea. Halikuwa limeishiwa upepo; Muzammil alilipima kwa pampu yenye kipimo, akakuta upepo ni uleule aliouacha jana yake. Lilikuwa limebonyea kama linavyobonyea mtu anapokaa juu yake, na springi iliyo chini ya kiti nayo ilikuwa imeshuka vidole viwili. Aliinyanyua baiskeli, ikanyanyuka kwa uzito wake wa kawaida. Alipoirudisha chini, baada ya muda mfupi, springi ikashuka tena, taratibu, bila mkono wa mtu.

Maelezo yalikuwapo. Mwezi wa Juni gereji za Houston huwa tanuri. Mpira hulainika, na mafuta ya springi hupoteza nguvu. Hadiya, mkewe, ndiye aliyeyatoa maelezo hayo, akaridhika nayo kwa siku nne. Siku ya tano aliingia gerejini kuchukua sabuni, akasikia harufu ya makapi yaliyoloa umande. Hakuweza kuitaja kwa jina. Alisema tu kwamba ni harufu ya shamba, na kwamba shamba hilo si la kwao Pemba.

Haina budi kuelezwa kwamba wawili hao walikuwa wafiwa. Binti yao wa pekee, Bimdogo, alifariki Februari ya mwaka uliotangulia, mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka sita, kwa maradhi ya damu. Kila jioni baba yake alikuwa akimpakia kwenye keria ya baiskeli yake ya zamani na kumzungusha mitaani. Baada ya maziko, Muzammil alirudi kazini kwake hospitalini, chumba cha eksirei, zamu ya usiku, akaacha kuzungumza isipokuwa palipohitajika. Anayetaka kuupinga ushahidi wa nyumba hiyo ana haki ya kuanzia hapo, kwa kuwa huzuni ni shahidi dhaifu. Lakini mashahidi hawakuwa wao wawili tu.

Alikuwapo Déo, muuguzi wa hospitali hiyohiyo, Mkristo wa Bukavu, mtu wa mizaha na wa misuli. Yeye ndiye aliyemshawishi Muzammil waende Hispania mwezi wa Mei, siku nane, wapite na baiskeli zao wenyewe za milimani katika mashamba ya ngano na mizeituni, walale katika vijiji vyenye minara ya karne nyingi. Siku ya sita walipanda kilima kirefu kuelekea kijiji kilichohamwa zamani, kilichobakiwa na kuta na kisima. Kando yake palikuwa na kiwanja cha mviringo kilichotandazwa mawe, ambako watu wa kale walipura ngano kwa kwato za baghala. Ilikuwa adhuhuri. Déo alikuwa mbele. Aligeuka ili amtanie mwenzake, akamwona amesimama kando ya kiwanja, mguu mmoja chini, midomo ikicheza.

"Ndugu, uko nasema na nani?" alipaza sauti.

"Na mtoto."

"Mtoto gani? Hapa hata mbuzi haiko! Jua imekupiga kichwa. Kunywa maji, docteur wa mifupa!"

Muzammil hakucheka. Alichomwambia mtoto huyo kinajulikana, kwa sababu baadaye alikirudia neno kwa neno. Kwao Pemba, mwenye baiskeli hampiti mtoto anayetembea peke yake juani, humpakia. Lakini kwanza humuuliza, "Wa nani wewe?" na mtoto humtaja baba, mama na mtaa, ndipo safari inapoanza. Muzammil alimwona msichana ameketi kwenye ukingo wa mawe, amempa mgongo, visigino vimepauka kwa vumbi. Hakumuuliza ni wa nani. Alisema: "Panda, twende zetu nyumbani."

Baiskeli ya milimani haina keria. Muzammil aliijua hoja hiyo na hakuibishia. Alisema tu kwamba alihisi mikono miwili ikiishika fulana yake kiunoni, na tangu hapo kilima kikawa kizito. Déo, kwa upande wake, hukiri jambo moja bila kupenda: katika udongo laini wa njia ya kuteremkia, alama ya tairi la nyuma la mwenzake ilikuwa imezama maradufu ya alama yake, na kati yao wawili mnene alikuwa Déo.

Kufikia Julai, Muzammil alikuwa akiamka saa nane mchana, baada ya usingizi wa zamu, na kutoka na baiskeli hadi saa ya magharibi. Kila siku alichelewa zaidi. Mkanda wake uliongezwa tundu moja, kisha la pili. Mchana mmoja Hadiya alimzuia mlangoni.

"Kwani unakwenda wapi na jua hili, Baba Bimdogo?"

"Nazunguka tu."

"Unazunguka na nani?"

Akashusha sauti kama anayechelea kumwamsha mtu. "Hasemi kitu, Hadiya. Ananishika tu. Vilevile alivyokuwa akinishika."

"Nani aliyekuwa akikushika?"

"Usinitajishe."

"Bimdogo nimemwosha kwa mikono yangu hii," Hadiya alinong'ona. "Najua alipo."

Ijumaa iliyofuata, Muzammil akiwa amelala na mapazia yamefungwa kuzuia mwanga, Hadiya alikuwa jikoni, akasikia upande wa pili wa mlango wa gereji springi ikishuka, kisha mnyororo ukilia jino moja, jino la pili, jino la tatu, kama pedeli inayorudishwa nyuma na mguu usioifikia vizuri, akajiambia ni paka, akakumbuka kwamba hawana paka, akajiambia ni joto linalotanua vyuma, akalikubali hilo, akashika kitasa ili alithibitishe, na kitasa kilikuwa baridi, baridi ya jiwe la kisimani, katika mji ambao siku hiyo kila chuma kilikuwa kikiunguza, na kwenye upenyo wa chini ya mlango, usiozidi upana wa kidole, ikamjia ile harufu ya makapi mabichi, na ndani ya harufu hiyo pumzi, fupifupi, za mtu mdogo anayelia bila kutaka kusikiwa, na kilichomtisha kuliko vyote, kama alivyoeleza, ni kwamba alitamani kufungua.

Hakufungua. Alimpigia simu Mzee Hemed.

Mzee Hemed alikuwa Mpemba aliyekaa Missouri City na kuendesha teksi ya uwanja wa ndege. Watu wa pwani walimwita pale madaktari walipokosa la kusema. Alikuja na ubani na kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya, akamtazama Muzammil kuanzia unyayoni hadi utosini.

"Wewe huhitaji eksirei, mwanangu. Mifupa yote naiona hapa nilipokaa." Kisha akaacha mzaha. "Nirudie ulivyomwambia. Usipambe."

Muzammil alirudia.

"Ukamuuliza ni wa nani?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini, nawe ni mtoto wa Pemba?"

"Niliogopa angenitajia baba mwengine."

Mzee Hemed alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya upole. "Huyo si mwanao. Ni kiumbe aliyeachwa pale na wenyewe waliohama, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia panda. Sikulaumu. Lakini aliyepakiwa hashuki mpaka aambiwe shuka, na muda wote yumo safarini anakula nguvu zako, kwa kuwa hana nyingine. Mwezi mmoja zaidi, tutakuja kukusalia."

"Nifanyeje?"

"Kesho baada ya adhuhuri mpeleke pasipo paa wala mlango. Pale kwenye majani marefu, chini ya nguzo kubwa za umeme. Mwambie ashuke, njia zenu zimeachana. Kisha rudi, usisimame. Na usimshushe nyumbani, Muzammil. Akishushwa nyumbani amefika. Aliyekwisha kufika, mimi sina kisomo cha kumtoa."

Kesho yake Muzammil alikunywa kombe na kuondoka. Hadiya alisimama kwenye mlango wa mbele akihesabu dakika. Mumewe alitokea mwisho wa mtaa kabla ya alasiri, amesimama juu ya pedeli, anazisukuma kama mtu apandaye kilima, ilhali mtaa ule ni tambarare kama meza.

"Hukumshusha," alisema Hadiya.

"Nilimshusha. Nilimwambia shuka, akashuka, wala hakubisha. Nilifika hadi barabarani." Jasho na machozi vilichanganyika usoni pake. "Akawa analia kule majanini, Hadiya. Polepole. Kilio cha mtoto aliyezoea kuachwa. Nikasimama."

"Mrudishe. Nakuomba. Utakufa."

"Siwezi kumwacha mtoto mara mbili."

Akaweka mguu chini. "Shuka, mwanangu," alisema. "Tumefika."

Springi ilipanda. Tairi likajaa.

Tangu siku ile Muzammil alianza kula na kulala, na mkanda wake ukarudi tundu lake la zamani. Déo alimtania kwamba Hispania ilimchelewesha kupona kwa miezi miwili. Anayependa kuishia hapo na aishie hapo. Mzee Hemed, hata hivyo, hakuikanyaga tena nyumba ile. Kinachobaki ni ushahidi wa Hadiya, ambao hakuuongeza wala kuupunguza kila alipoulizwa. Springi ilipopanda, alikuwa katikati ya mlango, mikono imeshika miimo yote miwili, na aya aliyofundishwa na Mzee Hemed ilikuwa ulimini. Hakuna kilichomsukuma. Baridi ilikuja ikasimama mbele ya pindo la gauni lake, ikangoja, kama angojavyo mtoto aliyefunzwa adabu mpaka mkubwa ampishe.

"Na mimi," husema Hadiya, "nikampisha."